Nani Mwingine Ana Neno Katika Nyumba Hii? Mwongozo wa Kisheria kwa Anayenunua na Anayeuza

Mnunuzi wa nyumba huanza na bei. Dalali anataja, mnunuzi anaomba apunguziwe, anaingizwa ndani akaone vyumba, maji, mita ya LUKU na ukuta wa uzio, na mwisho kabisa anaoneshwa karatasi. Karatasi ikiwa na muhuri, roho inatulia na siku ya malipo inapangwa. Mwongozo huu unakuomba ugeuze mpangilio huo. Kabla ya kuuliza bei, uliza ni nani mwingine mwenye neno katika nyumba hiyo. Mke wa muuzaji, ndugu waliozaliwa naye, benki, halmashauri ya kijiji, wakala wa barabara, mpangaji wa chumba cha uani: yeyote kati yao anaweza kusimama baada ya wewe kulipa, na sheria ikamsikiliza. Hati za kughushi zipo na zinaumiza watu. Lakini nyumba nyingi zinazofikishwa katika mabaraza ya ardhi ziliuzwa na mtu wa kweli, kwa karatasi za kweli, ila hakuwa na mamlaka ya kuuza peke yake.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na mnunuzi wa Unguja au Pemba amwone wakili wa huko.

Unanunua nini hasa?

Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma, na Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachokuuzia mwenye nyumba ni haki ya kumiliki na kuitumia ardhi ile kwa muda, pamoja na jengo lililosimama juu yake. Muda huo mara nyingi huwa miaka 33, 66 au 99. Kwa hiyo ukishika hati, usiishie kutazama jina. Tazama umiliki ulianza mwaka gani, umebaki miaka mingapi, na ardhi imeruhusiwa matumizi gani. Hati ya makazi haikupi ruhusa ya kufungua gereji, na ukivunja masharti ya hati wewe ndiye utakayeandikiwa notisi, si yule aliyekuuzia.

Si kila nyumba ina hati, na bei iendane na karatasi iliyopo. Barua ya toleo, ambayo mtaani tunaiita ofa, inaonesha kwamba Serikali imempa mtu kiwanja kilichopimwa, lakini safari ya hati haijafika mwisho. Leseni ya makazi, iliyotolewa kwa wingi Dar es Salaam katika maeneo yasiyopangwa, ni haki ya muda mfupi, na ikiisha lazima ihuishwe. Vijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila. Halafu kuna kundi kubwa la nyumba zisizo na chochote zaidi ya hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mjumbe na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hii ya mwisho inathibitisha kwamba mauziano yalifanyika. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa mwenye mali.

Vivyo hivyo muhuri wa wakili. Wakili aliyeshuhudia saini anasema kwamba fulani alisaini mbele yake. Kama hukumlipa achunguze umiliki, hakuuchunguza. Watu wengi wamepoteza akiba ya maisha yao kwa kuchanganya mambo haya mawili, nami ningependa wewe usiwe mmoja wao.

Upekuzi, na ufanye mwenyewe

Nyumba yenye hati ina kumbukumbu katika ofisi ya Msajili wa Hati, na siku hizi huduma hizo zimesogezwa kwenye ofisi za ardhi za mikoa. Chukua namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, jaza maombi ya upekuzi, lipa ada kwa namba ya malipo ya Serikali, usubiri majibu kwa maandishi. Majibu yatakuambia jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio, na kama kuna amri ya mahakama. Aende wakili wako au uende wewe. Upekuzi uliofanywa na dalali au muuzaji na kuletwa kwako kama nakala si upekuzi wako.

Fanya mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena siku chache kabla ya kutoa fedha kubwa ya mwisho. Kati ya tarehe hizo mbili muuzaji anaweza kuchukua mkopo, au mke aliyesikia habari za mauzo anaweza kuweka zuio. Taka pia kuiona hati halisi. Ukiambiwa hati imepotea, iko kwa shemeji Mbeya, au iko benki kwa ajili ya usalama tu, simama hapo hapo. Hati iliyoko benki kwa kawaida iko kule kwa sababu kuna deni.

Nyumba isiyosajiliwa haina daftari la kupekua, kwa hiyo kazi inahamia kwa watu. Taka hati zote za mauziano tangu mwenye shamba wa kwanza: nani alimuuzia nani, mwaka gani, mbele ya nani. Pengo moja katika mfululizo huo ndipo mgogoro unapozaliwa. Zungumza na majirani wa pande zote nne bila dalali kuwepo. Jirani anajua kama mpaka unagombewa, kama mwenye nyumba ana ndugu wanaodai fungu lao, kama kiwanja kile kilishawahi kuuzwa kwa mtu mwingine ambaye hajajenga. Nenda siku ya kazi, nenda tena Jumapili. Mashahidi wako wa baadaye, mambo yakiharibika, ni hawa hawa.

Kisha nenda halmashauri, idara ya mipango miji. Uliza eneo lile limepangwa kuwa nini. Mchoro wa mipango miji unaweza kuonesha barabara, shule au eneo la wazi mahali ambapo wewe unaona sebule nzuri yenye vigae. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, zilivunjwa kwa sababu zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na wengi wa waliovunjiwa walikuwa wameishi pale miaka mingi. Mwishoni mwa 2015 ilikuwa zamu ya Bonde la Msimbazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au mto, na hifadhi ya barabara kuu chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, ingawa ziko barabara zenye hifadhi pana kuliko hiyo. Nyumba ikiwa karibu na barabara kuu, waulize TANROADS, wakala wa barabara. Kama ukutani kuna alama ya X ya kubomolewa iliyopakwa rangi, isiwe sababu ya kuomba punguzo. Iache nyumba hiyo.

Mke, mume, na wale walioishi pamoja

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu ndipo wanunuzi wengi hupita haraka kwa kuona haya kuuliza mambo ya ndani ya mtu.

Sheria ya Ndoa Namba 5 ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba imeandikwa jina la mmoja tu. Mwenza asiyetajwa kwenye hati anahesabiwa kuwa na maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, imekwenda mbele zaidi: mwenza aliyechangia kwa kazi yake, kwa matunzo au kwa uendelezaji wa mali hupata maslahi ndani yake, na wewe mnunuzi umewekewa wajibu wa kuuliza kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Ukishindwa kuuliza, huwezi kujificha nyuma ya maneno "sikujua". Muuzaji akikudanganya kwa makusudi, mauzo hayo yanaweza kutenguliwa kwa ombi la mwenza aliyerukwa.

Kwa hiyo usiridhike na "mke wangu anajua". Mke aje. Asome mkataba, au asomewe kama hajui kusoma, asaini fomu ya ridhaa mbele ya wakili, aache nakala ya kitambulisho na picha. Kama muuzaji ana wake wawili au watatu, uliza nyumba hii ni ya nani kati yao, na utake saini za wote wenye maslahi. Akisema hajaoa, aape hivyo kwa kiapo cha maandishi. Kiapo hakikulindi kwa kila kitu, lakini kinaonesha kwamba uliuliza. Na usisahau hili: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinadhania kuna ndoa pale mwanamume na mwanamke walipoishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona kama mke na mume. Yule dada anayepika uani, ambaye muuzaji anasema "tunaishi tu", anaweza kuwa na haki mbele ya mahakama. Jirani atakuambia ameishi pale tangu lini.

Waliotalikiana nao waulizwe. Talaka peke yake haigawi mali. Omba kuona amri ya mahakama kuhusu mgawanyo, na kama haipo, mhesabu mtalaka kuwa bado ana neno.

Ningemwambia muuzaji mwanamume maneno haya haya kwa upande wake: ukimficha mkeo mauzo, unamuuzia mnunuzi kesi na unamwachia mkeo na wanao barabara. Sheria hii iliwekwa kwa sababu familia zilikuwa zikiamka asubuhi na kukuta mtu mgeni mlangoni akiwa na fundi wa kubadili kitasa.

Nyumba ya marehemu

Pita Kariakoo, Ilala, Magomeni au Mabatini ya Mwanza uulize nyumba zipi zinauzwa. Nyingi ni nyumba za baba au babu aliyefariki, na watoto wamekubaliana wauze wagawane. Makubaliano ya watoto hayatoshi. Kikao cha ukoo hakitoshi. Muhtasari wa kikao hicho una kazi moja: kumpendekeza mtu ambaye mahakama itamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama pekee mwenye mamlaka ya kuuza, na usimamizi wake una jalada lenye namba katika mahakama inayojulikana. Nenda mahakamani ulione jalada. Hakikisha uteuzi haujatenguliwa, hakuna pingamizi linalosikilizwa, na kwamba nyumba unayoitaka imo katika orodha ya mali za marehemu.

Je, kila mrithi lazima asaini? Mahakama ya Rufani iliwahi kuamua, katika miaka ya 1990, kwamba msimamizi halazimiki kupata ridhaa ya warithi wote kabla ya kuuza. Ndiyo sheria. Lakini mimi bado nakushauri uwatafute na wasaini, kila mmoja, aliyeko Tunduma na aliyeko Muscat. Mrithi asiyeridhika anaweza kufungua shauri la kutaka msimamizi aondolewe, na wakati shauri hilo linaendelea wewe utakuwa umetoa fedha na huwezi hata kupaka rangi. Kama miongoni mwa warithi kuna watoto chini ya miaka 18 au mjane anayeishi ndani ya nyumba, uliza kwa maandishi fungu lao litalindwaje. Sheria inakutaka uwe mwangalifu hapo, na utu nao unakutaka. Mjane aliyeondolewa bila fungu lake hatapumzika, wala wewe hutapumzika naye.

Katika nyumba zenye hati kuna hatua ambayo watu huiruka. Msimamizi hujisajili kwanza katika hati kwa nafasi yake ya usimamizi, ndipo amhamishie mnunuzi. Ukikuta hati bado ina jina la marehemu, ongeza hatua hiyo katika hesabu yako ya muda.

Linalofanana na hili ni mtu anayeuza kwa niaba ya ndugu aliyeko nje, akiwa na hati ya uwakilishi. Soma kama hati hiyo inataja kuuza, na nyumba ipi. Wengine wamepewa mamlaka ya kukusanya kodi za wapangaji tu. Hakikisha imesajiliwa. Na umpigie mwenye mali simu ya video mkiwa na wakili, umwone. Mamlaka ya mwakilishi hufa siku mwenye mali anapofariki, na wapo wawakilishi ambao hukaa kimya kuhusu msiba.

Benki na mnada

Nyumba yenye rehani inaweza kuuzwa, ila benki iwe mezani. Utaratibu salama ni wewe kulipa deni moja kwa moja benki kwa kiwango ilichokiandika katika barua, benki itoe hati ya kufuta rehani, na kinachobaki kimwendee muuzaji. Usimpe muuzaji fedha "akalipe deni lake". Akizitumia kwa jambo jingine, rehani inabaki juu ya nyumba.

Katika mnada, uliza mambo mawili. Je, mkopaji alipewa notisi ya siku 60 ya kushindwa kulipa, na je, mnada ulitangazwa kwa siku zisizopungua 14? Sheria ya Ardhi inamlinda mnunuzi wa nia njema, na ulinzi huo una nguvu, lakini haukupunguzii usumbufu wa kumtoa ndani mtu anayeamini ameonewa.

Mtaa, kijiji, na ile asilimia 10

Mjini, ofisi ya serikali ya mtaa ni mahali pa kuthibitisha kwamba muuzaji anafahamika na hakuna mgogoro unaojulikana. Ni hatua yenye faida. Lakini desturi ya kudai asilimia 10 ya bei ili muhuri ugongwe haina mashiko katika Sheria ya Ardhi, na viongozi wa Serikali wameikemea mara nyingi. Ukitakiwa kulipa chochote, omba stakabadhi ya Serikali. Isipopatikana, hulipi ada bali unampa mtu fedha zako.

Kijijini mambo ni tofauti na ni mazito zaidi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na mahakama zimeshatamka kwamba mauzo yasiyoidhinishwa na halmashauri hiyo hayana nguvu. Saini ya mwenyekiti peke yake, akiwa nyumbani kwake jioni, si idhini. Taka muhtasari wa kikao wenye mahudhurio. Hili linawagusa wanaonunua pembezoni mwa miji, ambako watu wanasema "viwanja" na mahali penyewe bado ni kijiji kwa mujibu wa sheria.

Mkataba uandikwe vipi?

Uandikwe, kwanza kabisa. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi hakitambui madai ya mkataba wa kuuza ardhi usio wa maandishi. Maneno ya jumbe za simu na ushahidi wa kaka yako havitoshi kukupa nyumba.

Bei iwe ya kweli. Wapo wanaoandika bei ndogo ili kupunguza kodi, na mnunuzi anakubali kwa sababu anaona haimgusi. Inamgusa. Mauzo yakivunjika na ukataka kurudishiwa fedha, mahakama itasoma kilichoandikwa. Nawe siku ukiuza, faida yako itahesabiwa kutoka katika bei ile ndogo. Isitoshe, mamlaka hutazama thamani iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo ujanja huo mara nyingi hauokoi chochote.

Kishika uchumba, yaani malipo ya kwanza ya kushikilia nyumba, kiwe kidogo, na mkataba useme wazi kinarudi lini na kwa sababu gani. Kama upekuzi utaonesha rehani, kirudi. Kama mke atakataa, kirudi. Kama wewe mnunuzi utaghairi bila sababu, semeni mapema kitakachobaki kwa muuzaji. Malipo yanayofuata yafungwe kwenye hatua: sehemu baada ya idhini ya uhamisho, sehemu baada ya usajili. Fedha zipite benki, akaunti yenye jina la muuzaji mwenyewe, au zikae katika akaunti ya wateja ya wakili mnayemwamini nyote wawili. Begi la fedha taslimu halina shahidi. Mkataba utaje pia tarehe ya kukabidhi funguo, wapangaji waliopo na kodi waliyokwisha kulipa mbele, na vitu vinavyobaki: tangi, pampu, mashine za kupoza hewa. Mpangaji mwenye mkataba halali haondoki kwa sababu mwenye nyumba amebadilika. Unamrithi pamoja na nyumba.

Dalali naye aandikwe. Nani anamlipa, kiasi gani, na baada ya hatua ipi. Muuzaji na mnunuzi wakikutana uso kwa uso na kutajiana bei, cha juu, ile nyongeza ya siri ya dalali, kinakosa pa kujificha.

Na wewe muuzaji, usisaini fomu za uhamisho zikiwa tupu, wala usitoe hati halisi mkononi kwa mnunuzi kabla ya malipo kukamilika. Iache kwa wakili, kwa barua inayosema itatoka kwa masharti gani. Wazee wamenyang'anywa nyumba kwa "nipe nikaitoe kopi".

Nani analipa kodi gani?

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, si ya bei. Tuseme ulinunua kiwanja na nyumba isiyokamilika kwa shilingi milioni 40, ukaongeza ujenzi wa milioni 35, sasa unauza kwa milioni 120. Faida ni milioni 45, kodi ni milioni 4.5. Lakini ile milioni 35 itahesabiwa tu kama una risiti za saruji, nondo, mabati na mafundi. Tunza makaratasi hayo kuanzia tofali la kwanza. Asiye na kumbukumbu za gharama anaweza kutozwa kwa njia nyingine, asilimia 3 ya thamani, ambayo inaweza kumwumiza au kumfaa kutegemea hesabu. Nyumba uliyoishi mwenyewe kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, na faida yake haizidi milioni 15, ina msamaha. Viwango hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo thibitisha kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kupanga bei.

Ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Usiuone mdogo ukaupuuza: hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na faini. Mnunuzi pia hulipa ada za usajili. Muuzaji afute madeni ya kodi ya pango la ardhi, na mnunuzi aone risiti. Kodi ya majengo sasa hukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa kwa viwango vya tangu 2023, kwa hiyo hakikisha mita haina malimbikizo. Bili ya maji nayo huachwa mara nyingi.

Baada ya kulipa, bado

Mnunuzi mwenye mkataba na funguo lakini asiyebadili jina kwenye daftari hajamaliza kununua. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hauwi kamili mpaka usajiliwe. Muuzaji akifariki kabla, unaingia katika mirathi yake. Akikopa kwa hati ile ile, unashindana na benki. Fomu za taarifa ya uhamisho, maombi ya idhini na hati yenyewe ya uhamisho, maarufu kwa namba 29, 30 na 35, zisainiwe siku moja na mkataba na zikae kwa wakili, pamoja na picha, nakala za vitambulisho vya NIDA na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Kisha uthamini, kodi, idhini, usajili, kwa mpangilio huo. Ufuatilie kila wiki.

Kwa nyumba isiyopimwa, kazi baada ya kununua ni kuomba urasimishaji au upimaji kwa jina lako mapema, majirani waliokushuhudia wakiwa bado wapo.

Wapo pia wanunuzi wenye masharti yao. Asiye raia hana haki ya kumilikishwa ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia taratibu zake, kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi. Kununua kwa jina la rafiki au mchumba raia kunamfanya yeye kuwa mwenye nyumba. Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine amwone wakili kabla ya kutuma fedha. Anayenunua fleti asome sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, aulize kama jengo limesajiliwa kwa sheria hiyo, na michango ya pamoja ni kiasi gani.

Mgogoro ukitokea, usisubiri. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, lakini mashahidi huhama na karatasi huliwa na mchwa kabla ya muda huo. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo rufaa ni Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaada wa kisheria, unaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, kupitia mashirika kama LHRC, TAWLA na WLAC au wasaidizi wa kisheria wa wilaya yake. Aende na mkataba, risiti za benki, majibu ya upekuzi na majina ya majirani, vyote katika nakala mbili, na zile halisi zibaki nyumbani.